Ramani ya Gari la Meno

Gereji, 4 Machi

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu kwako na kwa wifi yangu. Mimi mzima, gari zima, ila kazi inachechemea.

Unajua nimeajiriwa kuendesha gari la meno. Ni lori lenye chumba nyuma: kiti cha mgonjwa, taa kubwa na mashine ile inayolia kama nyuki. Mbele tunakaa mimi, Daktari na Nesi. Tunakwenda vijiji vilivyo mbali na hospitali, tunang'oa, tunaziba, tunarudi. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alistaafu. Njia zote alikuwa nazo kichwani, na alipoondoka, aliondoka na kichwa chake.

Juzi nilipotea. Nilishika kushoto palipotaka kulia, nikazunguka mashambani mpaka jua likapinda. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, mashavu yamefungwa vitambaa. Tulipofika walikwisha kata tamaa wakarudi makwao. Alibaki mzee mmoja, naye ni kwa sababu usingizi ulimpitia. Daktari alimtibu huyo mmoja, tukarudi. Aliyesema ni Mratibu, mkuu wa magari yetu: "Tafuta namna ya kuijua njia, ama nitafute dereva anayeijua."

Namna nimeipata, tuseme nusu yake. Ofisi imetupa laptop kuukuu ya kuandikisha wagonjwa, na njiani haina kazi. Fundi wa gereji amenichomelea kishikizo cha chuma kando ya usukani, nayo imekaa hapo kama iliyozaliwa nacho. Kuna programu za GPS za kuweka kwenye kompyuta, zinakuonyesha ulipo na unakokwenda. Nichagulie moja iliyo nzuri. Tuendako mtandao wa simu haupo, kwa hiyo ramani iwe ndani ya mashine yenyewe. Penye nia pana njia, wanasema. Nia ninayo, njia ndiyo sijaiona.

Usinipigie simu, niandikie. Simu yangu inasumbua, na jambo lenye maelezo marefu linataka karatasi. Mabasi yanaleta vifurushi hadi hapa bila taabu.

Dada yako


Dukani, 9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha moyo ulinipasuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni ramani!

Kwanza niulize: kwa nini laptop? Kuna vifaa vidogo vya kubandika kiooni, na hata simu siku hizi zina ramani. Lakini wewe ukisema laptop ni laptop. Tangu utotoni ukishika jambo halikutoki hata kwa koleo.

Basi sikiliza. Laptop peke yake haijui iko wapi, ni kama mlevi. Inahitaji kipokezi, kidude cha kuchomeka ubavuni kinachosikiliza setilaiti. Kiweke juu ya dashibodi kione mbingu. Ukikificha chini ya kiti kitakuwa kipofu.

Programu nimejaribu tatu, mke wangu akiniendesha mitaani kama bwana harusi, mimi na kompyuta mapajani. Ya kwanza ni nzuri kuliko zote kwa sura, lakini inakunywa mtandao kama samaki maji. Mtandao ukikatika ramani inageuka kijivu. Hiyo nimeitupa. Ya pili ramani zake zote zimo ndani, na raha yake ni sauti. Kuna mama mmoja humo, mpole, anakwambia "baada ya muda mfupi pinda kulia" mpaka unatamani kumkaribisha chai. Huhitaji hata kutazama kioo. Ya tatu ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea. Sura mbaya, sauti hakuna, ni mishale na mistari tu. Hiyo ni ya wapenda kujitesa.

Nimekuwekea ya pili kwenye flashi, na kipokezi kimo humu.

Na hiyo simu badilisha! Mwezi uliopita nilikwambia mtoto wa jirani kavunjika mkono, ukajibu "hongereni sana" ukakata.

Mdogo wako,
Bisibisi


Gereji, 19 Machi

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika, asante. Nesi alinisaidia kuweka kila kitu, na Jumanne tuliondoka nayo.

Haifai. Tulitakiwa kupinda kabla ya daraja la reli, mimi nikapita. Nikajikuta kwenye machimbo ya kokoto, wachimbaji wamesimama na nyundo zao wakitutazama, mmoja akaja kuuliza kama tumeleta chakula. Nesi anasema ilisema. Mimi nasema ilichelewa. Mshale wake nao ni mdogo kama siafu, umebanwa pembeni. Sehemu kubwa ya kioo imejaa mapambo, mawingu na jina la kampuni. Huwezi kuutazama huo na barabara kwa pamoja.

Nataka inayoonyesha. Sitaki inayosema. Daktari hupenda kusinzia njiani, na mimi mwenyewe sitaki kuamrishwa na mwanamke nisiyemjua.

Msalimie wifi.

Dada yako


Dukani, 23 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka ya machimbo mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Tatizo nimeligundua. Programu haina kosa. Laptop za umri huo spika zake ni za mbu, na lori linanguruma. Hata malaika asingesikia. Kwenye boksi hili nimekutumia spika mbili za nje. Moja ibandike kulia kwa kichwa chako, moja kushoto. Nimezijaribu hapa dukani: jirani wa ghorofani ameshuka kuuliza kama nyumba inabomolewa. Yule mama sasa atasikika mpaka kwa wachimba kokoto.

Hayo ya kutoamrishwa na mwanamke usiyemjua, Dada, ni ukaidi tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mpe nafasi, utanishukuru.

Bisibisi


Gereji, 30 Machi

Bisibisi,

Spika nakurudishia. Daktari aliziba masikio kwa mikono miwili kuanzia getini, na Nesi alizichomoa kabla hatujafika kwenye lami. Nikapita njia panda tena.

Nilikuandikia nataka nini. Mshale mkubwa kama kiganja. Ukinitumia tena kitu chenye sauti nitakitupa mtoni.

Mratibu amepanga ziara ya milimani, kuanzia katikati ya Mei. Ni vijiji ambavyo gari hili halijawahi kufika. Dereva mwingine amekwisha kuja ofisini kujitambulisha, nimemwona na tai yake. Sina nafasi ya mzaha.

Dada yako


Nyumbani, 3 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Ni mimi, mke wa mdogo wako. Nakuandikia yeye akiwa dukani, na sijamwambia.

Barua zako anazisoma kwa sauti wakati wa chakula. Hii ya mwisho hakumaliza kula. Anadhani umemchoka. Mimi nilizichukua nikazisoma upya zote, polepole, na nikakumbuka mengine. Ulipotutembelea mara ya mwisho ulikuwa unakaa daima pembeni mwa meza ili utuone sote usoni. Ulicheka sisi tukishamaliza kucheka. Siku ile birika lilipiga mluzi jikoni ukiwa umesimama mbele yake, na hukulizima.

Unajua nafanya kazi kwenye karakana ya kushona. Tuko wanawake wengi na mashine nyingi, na mwenzetu mmoja wa siku nyingi usikivu ulimtoka kidogo kidogo. Alianza hivyo hivyo: simu mbovu, watu wananong'ona, redio haina nguvu. Tulimkasirikia mwaka mzima kabla hatujaelewa.

Kwa hiyo nakuuliza kama mwanamke na mwenzake. Wifi, unasikia?

Kama nimekosea, nisamehe, nicheke. Kama sijakosea, kumbuka mficha uchi hazai. Sitasema kitu kwa mtu mpaka uniruhusu.

Wifi yako


Gereji, 8 Aprili

Wifi,

Hukukosea.

Nimekaa na barua yako ndani ya lori, milango nimefunga. Mtu akiulizwa swali moja la kweli baada ya muda mrefu, hata kalamu inakuwa nzito.

Sikio la kulia lilikufa kwanza, miaka ile ya malori ya masafa marefu. La kushoto linabaki na mvumo, kama maji nyuma ya ukuta. Ndani ya nyumba tulivu, mtu akinitazama, namsoma midomo na mambo yanakwenda. Injini ikiwaka, sina kitu. Yule mama wa kwenye kompyuta sijawahi kumsikia hata mara moja. Nilikuwa namwona Nesi akigeuza kichwa kumsikiliza, ndipo najua amesema.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio, peke yangu. Aliniambia vifaa vya kuvaa vitasaidia kidogo sana. Kuhusu kazi, sheria inaniruhusu kuendesha kwa masharti mawili: macho yapimwe, na mwajiri ajue. Macho nimepimwa, naona mpaka kunguru anachokula. La pili sijalifanya. Nitasemaje? Mratibu tayari ana mtu mwenye tai.

Nimeendesha tangu nikiwa msichana. Najua gari kwa miguu na kwa mgongo: gia ikishika vibaya naipata kwenye kiganja, tairi likiishiwa upepo nalipata kwenye kiti. Sitaki kuketi nyumbani nikisubiri watu waje waniandikie kwenye karatasi chai iko tayari. Siendi huko, wifi. Siendi.

Mwonyeshe mume wako barua hii. Kuiandika mara ya pili siwezi.

Wifi yako


Dukani, 12 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma, nikafunga duka, nikatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi.

Nilikutumia spika. Na ile methali. Sitaki kuandika zaidi juu ya hayo maana nitaharibu karatasi.

Sasa tuongee kazi. Programu niliyoita ya wapenda kujitesa ndiyo yako, na ningeijua tangu siku ya kwanza kama ningejua namchagulia nani. Kwa kuwa ni ya bure na imeachwa wazi, mtu anaweza kuifungua na kuichokonoa. Nimeichokonoa. Mapambo yote nje. Kioo chote ni mshale mmoja na njia yako. Ukiwa unakwenda sawa, kioo ni cheupe. Njia panda ikikaribia, kinageuka njano chote. Ukifika pa kupinda, chekundu. Huhitaji kukitazama, rangi itakugonga kwenye kona ya jicho huku macho yako yako barabarani. Mke wangu ameniendesha nayo, mimi nimejaza pamba masikioni nikimwelekeza kwa rangi tu. Sikupotea.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza: ramani ya milimani ni tupu. Hao wa kujitolea hawajafika huko. Utaona mlima, mto, majina machache, na weupe. Programu itachora mstari kila unapopita, kwa hiyo kurudi utarudi, lakini kwenda utakwenda kwa akili yako.

La pili. Sitakutumia mpaka umwambie Mratibu na Daktari.

Bisibisi


Gereji, 16 Aprili

Bisibisi,

Nani amekufanya baba yangu? Nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi, leo unanishikia kitu mkononi unaniambia sema kwanza ndipo nikupe, kama mtoto anayenyimwa pipi?

Nilidhani nina ndugu. Kumbe nina askari wa kizuizini.

Itume.

Dada yako


Gereji, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimewaambia.

Si kwa ajili yako. Juzi, baada ya kutuma ile barua ya hasira, Daktari alikuwa nyuma ya lori akishusha kreti, nami nikawa narudi rivasi. Akagonga bodi kwa ngumi, akapiga kelele. Nilimwona kiooni mwisho kabisa nikakanyaga breki. Alikuja dirishani amebadilika rangi.

"Huoni? Nimekuita mpaka basi!"

Nikazima injini. Nikamwambia, "Nakuona. Sikusikii. Sijakusikia tangu siku ya kwanza, ninapokujibu nakusoma midomo."

Usidhani alinikumbatia. Alikasirika, na haki alikuwa nayo. "Umenipandisha kwenye kingo za mito," akasema, "mimi nimesinzia kwa sababu nakuamini, na hukuona vema kuniambia?" Akaondoka. Kesho yake asubuhi akarudi, akasimama mahali penye mwanga ili nimwone vizuri mdomo, akasema, "Twende kwa Mratibu. Nakuja nawe. Lakini utaongea mwenyewe."

Mratibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ziara ya milimani atapewa yule mwingine, na mimi nitatafutiwa kazi ya stoo. Stoo! Kuhesabu pamba!

Nikamwambia, "Nipime."

"Nikupime nini?"

"Udereva. Nitajie mahali ambapo sijawahi kufika, panda mbele nami, ukae. Nikishindwa, funguo hizi hapa, na stoo nitakwenda kwa miguu yangu."

Alimtazama Daktari. Daktari akainua mabega. Mratibu amekubali, jaribio ni mwisho wa mwezi.

Ile barua yangu nyingine ichane. Na programu sasa nitumie, upesi.

Dada yako


Dukani, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua nimeichana, ingawa mke wangu alitaka tuhifadhi kipande kile kinachotaja kamasi.

Programu hii hapa. Ukiiwasha, subiri kipokezi kitulie kabla ya kuondoka. Waya wa umeme uchomeke kwenye soketi ya gari, betri ya laptop hiyo haifiki mbali. Jua likipiga kioo hutaona rangi yoyote, ndiyo maana mke wangu ameshona kibanda cha kitambaa cheusi, kina waya ndani, kinavalishwa juu ya kioo kama kofia. Amekaa nacho wiki nzima, amekifumua na kukishona upya, maana alisema pindo lilikuwa linakata mshale.

Kitu kimoja tu. Mashine inajua ilichoambiwa. Ikikwambia nenda na macho yako yakikwambia simama, simama.

Bisibisi


Gereji, 30 Aprili

Mdogo wangu, na wewe wifi,

Someni pamoja.

Mratibu alichagua shule moja nyuma ya msitu wa misonobari. Sikuwahi hata kuisikia, na hapo mnaweza kucheka, nimewaruhusu. Akapanda, akafunga mkanda, akakunja mikono. Nikaiwasha mashine, nikaivalisha kofia yake.

Barabara kuu ilikuwa mchezo. Nyeupe, nyeupe, njano, nyekundu, napinda. Njano, nyekundu, napinda. Mratibu alianza kwa kunitazama mimi, mwishowe akawa anatazama kompyuta na kutikisa kichwa kidogo kila inapobadilika. Tukaacha lami, tukaingia msituni. Mshale ukanyooka mbele, nami nikanyooka nao mpaka kwenye daraja la mbao.

Nikasimama. Mratibu akanigusa bega, nikamgeukia.

"Mashine inasema mbele," akasema.

"Mashine haioni mbao," nikamwambia.

Tukashuka. Kwa mbali daraja lilikuwa zima, lakini katikati mbao zilikuwa zimeoza na mbili hazipo kabisa. Lori lile lingeishia na pua mtoni. Mratibu alikanyaga ubao mmoja ukakatika chini ya kiatu chake. Akarudi nyuma akifuta jasho.

"Basi," akasema, "tumejaribu. Turudi."

"Hukusema turudi. Ulisema shuleni."

Mashine ilikuwa imechora mstari wa tulikopita, na mbele, ng'ambo ya mto, kulikuwa na kitone cha shule. Ukiacha njia ya daraja, katikati weupe mtupu. Nikakumbuka kwamba nyuma kidogo nilipita mahali penye nyayo za tairi kubwa zikiingia kushoto. Magari ya magogo. Magari ya magogo hayapiti madaraja ya mbao. Lazima yana kivuko chao. Nikarudi rivasi mpaka hapo, nikaingia. Mshale ukawa unanionyesha nyuma, unanibembeleza nigeuke, kioo kimekuwa chekundu kama nyanya. Nikauacha ulalamike. Nilikuwa natazama kitone. Kikienda mbali nasema njia si hii, kikisogea nasema twende. Tukateremka, tukafika kwenye kalavati pana la saruji, tukavuka, tukapanda. Mstari wetu ukawa unakua nyuma yetu kwenye ramani ile tupu. Mratibu alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Tulifika shuleni tumechelewa, watoto wako mapumzikoni. Mratibu alishuka, akazunguka lori zima akilikagua kana kwamba hajawahi kuliona. Kisha akaja mbele yangu, akasema polepole, akiutanua mdomo kama anayeimba: "Angekuwa yule mwenzako, tungevuka daraja lile?"

Nikamwambia sijui. Kweli sijui, pengine naye ana macho.

Ziara nimepewa, kwa masharti. Mvua kubwa ikinyesha sitaendesha. Daktari atakaa karibu yangu na kunigusa bega panapo jambo, hakuna kusinzia tena. Na lori limefungwa vioo vipya vya pembeni, vikubwa kwelikweli. Sikuvipenda. Limekuwa na masikio ya tembo, na kila ninayepishana naye anageuka kulitazama. Lakini Mratibu alisema hakuna vioo hakuna milima, na milima naitaka.

Tunaondoka katikati ya Mei.

Dada yenu


Dukani, 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na karibu kutoka milimani. Flashi imefika na mstari wako umo wote.

Nimeufungua mke wangu akiwa amevuta kiti. Kule kulikokuwa kweupe kama shuka sasa kuna uzi mwembamba, unapanda, unajikunja, unateremka. Tuliufuata kwa kidole. Hapa ulisimama, bila shaka ni kijiji cha kwanza. Hapa ulikwenda polepole sana, mke wangu anasema ni ng'ombe, mimi nasema ni kona. Hapa ulilala. Nimewatumia wale wa kujitolea, nao wameuweka kwenye ramani yao. Yeyote atakayepita huko sasa atakuta njia.

Ila kuna mahali hatupaelewi. Baada ya mlima wa pili mstari unateremka vizuri, unasimama ghafla, unarudi ulikotoka, unajifunga fundo. Halafu unaiacha kabisa njia ya kijiji kilichofuata na kukimbia moja kwa moja mpaka hospitali kubwa. Ulipotea? Kama programu ilikosea, niambie niirekebishe.

Bisibisi


Gereji, 9 Juni

Mdogo wangu,

Sikupotea.

Tulikuwa tumemaliza kijiji cha juu, tumefunga vyombo, tunateremka. Vumbi lilikuwa jingi, madirisha tumeyapandisha. Daktari na Nesi walikuwa wanazozana juu ya jambo fulani, naona mikono yao tu ikipanda na kushuka. Nikatupa jicho kioo cha kulia. Vumbi. Nikatazama tena, ndani ya vumbi kuna kitu kinaruka. Ni kitambaa, mwanamke anakipunga juu ya kichwa, anakimbia. Nyuma yake wanaume wawili wanasukuma toroli, na ndani ya toroli kuna mtu.

Nikakanyaga breki. Daktari akanishika bega, "Kuna nini?" Nilikwisha tia rivasi.

Alikuwa mwanawe yule mwanamke, kijana mkubwa tu. Shavu limevimba mpaka jicho limefunga, uvimbe umeshuka shingoni, mdomo haufunguki. Anapumua kama msumeno kwenye mti mbichi. Walimtoa kitongoji cha mbali, wakafika uwanja tulipokuwa tukitibu sisi tunaondoka. Daktari alimpandisha kwenye kiti, akawasha taa, akapasua palepale barabarani, usaha ukatoka wa kujaza bakuli. Akamdunga sindano. Akanijia mbele na glavu zake zina damu, akasema neno moja, na hilo hata gizani ningelisoma: "Hospitali."

Niliiandikia mashine hospitali. Ikafikiri, ikanipa mshale. Tulipofika kwenye ramani iliyochorwa nikaachia mguu. Kila kioo kilipogeuka njano nilikuwa nimekwisha badili gia.

Hospitali wakampokea mlangoni. Walisema angechelewa kidogo, uvimbe ungeziba koo. Sasa amepona, mdomo unafunguka. Mama yake anasema tangu ufunguke haujafungwa.

Pale kwenye benchi, tukisubiri, Daktari alimwuliza yule mama, "Mlikuwa mnaita?" Nilikaa wanapoonekana wote wawili, nikayapata yote. Mama akasema, "Tuliita tangu mlipowasha gari. Sote watatu. Mpaka sauti zikatukauka."

Daktari akamtazama Nesi. Nesi akatikisa kichwa. Na yeye hakuwa amesikia kitu. Kisha Daktari akanigeukia, akainuka, akaenda kuninunulia maji.

Programu haina kosa, usiiguse. Na lile fundo usilifute.

Dada yako